Utupa, Samaki-Pundamilia na Madimbwi ya Kimamba

Mto Mkondoa, unaoshuka kutoka milima ya Rubeho na kupita Kilosa, pamoja na mto Mkata unaotoka upande wa Mikumi, ndiyo inayoulisha mto Wami, ambao huingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Bonde hilo linajulikana zaidi kwa mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, kwa reli ya kati iliyofika Kilosa wakati wa utawala wa Wajerumani, na kwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Katika vitabu vya famakolojia, yaani elimu ya dawa na jinsi zinavyofanya kazi mwilini, halitajwi. Hata hivyo, limejaliwa mmea mmoja na samaki mmoja ambao historia zao zinaingia moja kwa moja katika swali ambalo maabara za Ulaya na Amerika zimelishughulikia kwa zaidi ya miaka arobaini: kwa nini kemikali ile ile humuua kiumbe huyu na kumwacha yule, na mwili hufanya nini unapokutana na dawa ambayo haikuwahi kuwapo duniani hadi binadamu alipoibuni.

Mmea huo ni utupa, ambao wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii. Ni kichaka cha jamii ya kunde, chenye maua meupe au ya zambarau na maganda yaliyofunikwa na manyoya laini, na huota katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Wakulima wa Tanzania huutumia kupambana na wadudu shambani na ghalani, na wafugaji huutumia dhidi ya kupe, lakini sifa yake ya tangu zamani ni ya mtoni. Kiangazi, mto unapokatika na kubaki vidimbwi vya maji yaliyotuama, majani mabichi hutwangwa au kupondwa juu ya jiwe mpaka yawe ujiuji wa kijani, kisha hutiwa katika kikapu na kutikiswa ndani ya maji. Haupiti muda mrefu kabla samaki hawajaanza kupanda juu, wakihema kwa vinywa vilivyo wazi kwenye uso wa maji, wakienda upande na kuyumba, wadogo wakitangulia na kambale wakichelewa, hadi wanapogeuka matumbo juu. Watu huwaokota, huwapasua, huwapika na kuwala, na mlo huo hauwadhuru. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na inastahili kukataza, kwa sababu utupa hauchagui kati ya samaki wa kitoweo na vifaranga ambao wangelijaza dimbwi msimu unaofuata. Lakini maarifa yaliyomo ndani ya uvuvi huo ni mazito, na hayapaswi kutupwa pamoja na uvuvi wenyewe.

Uzito wa maarifa hayo uko katika mambo mawili yanayoonekana kwa macho: samaki anakufa, na anayemla samaki huyo anabaki mzima. Kwa miaka mingi wavuvi wa utupa walikuwa wakitumia, bila kuhitaji maabara, tofauti iliyopo kati ya mwili wa samaki na mwili wa binadamu katika kuipokea na kuivunja kemikali. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha elimu ya umetaboli wa dawa, yaani uchunguzi wa mabadiliko ambayo mwili huyafanya juu ya dawa au sumu tangu inapoingia hadi inapotoka katika mkojo au kinyesi.

Wakemia walianza kuzifuatilia sumu za wavuvi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1895 Mfaransa Emmanuel Geoffroy alieleza sumu aliyoipata katika mmea uliotumiwa na wavuvi wa Guiana ya Kifaransa. Mwaka 1902 Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga sumu ya mizizi ya Derris, inayotumiwa na wavuvi wa Asia, na kuipa jina la rotenoni. Na mwaka 1907 Mfaransa mwingine, Hanriot, alitenga kutoka katika utupa wenyewe kemikali aliyoiita tefrosini. Ilipokuja kubainika kwamba rotenoni, tefrosini na degwelini, ambayo ni nyingi katika majani ya utupa, zote ni za ukoo mmoja unaoitwa rotenoidi, ilidhihirika pia kwamba wavuvi wa mabara matatu, waliokuwa hawajuani, walikuwa wamechagua mimea tofauti yenye sumu ya aina moja. Ni ushahidi wa kutosha kwamba majaribio ya vizazi vingi, hata yasipoandikwa, yanaweza kufika mahali ambapo kemia ilifika baadaye.

Namna sumu hiyo inavyoua ilieleweka polepole katika karne ya 20. Ndani ya seli za mwili mna viungo vidogo sana viitwavyo mitokondria, ambavyo hutumia oksijeni kuzalisha nishati kwa kupitisha elektroni katika mnyororo wa protini. Protini ya mwanzo katika mnyororo huo, au kwa usahihi zaidi kundi kubwa la protini, huitwa kompleksi ya kwanza. Rotenoidi huiziba kompleksi hiyo, na seli hukosa nishati ilhali oksijeni ipo, ndiyo maana samaki wa dimbwi lililotiwa utupa huhema kana kwamba maji yamekosa hewa. Samaki huipata sumu kupitia matamvua, ambayo ni mapana, membamba na yaliyojaa damu, hivyo sumu huufikia moyo na ubongo kabla ya kupita katika ini. Kwa binadamu anayeimeza, hali ni tofauti: sehemu ndogo tu hupenya ukuta wa utumbo, na hiyo inayopenya huchukuliwa na mshipa unaoipeleka kwanza kwenye ini. Mwaka 1967 Fukami, Yamamoto na Casida walichapisha matokeo yaliyoonyesha jinsi vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinavyoiongezea rotenoni oksijeni na kuigeuza kuwa vitu vingine. Rotenoni ikiingizwa moja kwa moja katika damu, au ikimezwa kwa wingi, humdhuru na kumuua binadamu pia. Kinachomlinda mlaji wa samaki ni njia ambayo sumu inapitia na kiasi kinachofika, pamoja na joto la moto linaloivunja sehemu yake.

Kazi ya ini kwa ujumla ilikuwa imekwisha kupangiliwa na Richard Tecwyn Williams, mwanabiokemia kutoka Wales, katika kitabu chake cha mwaka 1947 alichokipanua mwaka 1959. Williams aligawa mabadiliko hayo katika hatua mbili: katika hatua ya kwanza kemikali hubadilishwa, kwa kuongezewa oksijeni au kukatwa sehemu, na katika hatua ya pili huunganishwa na kitu kinachoyeyuka majini, kama vile asidi ya glukuroni, ili figo ziweze kuitoa. Mwaka 1962 Wajapani Omura na Sato walieleza asili ya protini zinazofanya sehemu kubwa ya hatua ya kwanza, ambazo leo zinajulikana kama sitokromu P450. Katika miaka hiyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba ini hufanya kazi ya kuokoa tu. Williams mwenyewe aliona kwamba si hivyo kila mara, lakini mkasa uliowafanya watu wa kawaida waelewe hatari ya mwili kujitengenezea sumu ulitokea Marekani, na ulitokana na dawa ya kulevya iliyobuniwa.

Dawa za kulevya za kubuniwa ni zile ambazo mtengenezaji huchukua molekuli inayojulikana, iwe ya dawa ya hospitali au ya dawa iliyopigwa marufuku, na kuibadilisha kidogo, ili ilevye kama ile ya awali lakini isiwemo katika orodha ya sheria. Gary Henderson, mtaalamu wa famakolojia katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, ndiye aliyelipa umaarufu jina la Kiingereza la dawa hizo wakati alipokuwa akichunguza aina mpya za fentanili zilizoanza kuua watu California kuanzia mwaka 1979. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1976, mwanafunzi mmoja wa kemia katika mji wa Bethesda, jimbo la Maryland, alikuwa amejitengenezea nyumbani dawa ya jamii ya pethidini, dawa ya kutuliza maumivu inayojulikana katika hospitali za Tanzania pia. Alikosea katika utengenezaji, bidhaa yake ikachanganyika na kemikali nyingine iitwayo MPTP, na muda mfupi baada ya kujidunga alipatwa na ugonjwa uliofanana kabisa na Parkinson, ambao kwa kawaida huwapata wazee: mwili hukakamaa, uso hukosa ishara, mtu hushindwa kuanza hatua. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1979 na kusomwa na wachache.

Mwaka 1982 jambo hilo lilirudi kwa ukubwa zaidi kaskazini mwa California. Vijana waliokuwa wamenunua mtaani kile walichodhani ni aina mpya ya heroini walifikishwa hospitalini wakiwa hawawezi kusogea wala kusema, ingawa akili zao zilikuwa timamu na walisikia yote yaliyosemwa kando ya vitanda vyao. Daktari wa mishipa ya fahamu J. William Langston, aliyekuwa San Jose, aliunganisha visa hivyo na taarifa ya 1979, na mwaka 1983 yeye na wenzake wakatangaza kwamba chanzo kilikuwa MPTP. Hapo ndipo uchunguzi wa umetaboli ulipoanza kwa kasi, kwa sababu MPTP ilipowekwa karibu na seli za ubongo peke yake haikuonekana kuwa na ukali unaolingana na madhara yake. Ikagundulika kwamba ubongoni hukutana na kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidasi B, ambacho hukaa katika seli zinazozihudumia neva, na kimeng'enya hicho huigeuza kuwa kitu kingine, MPP+. Hiki cha pili hufyonzwa na seli zinazotoa dopamini, kemikali inayoratibu mwendo wa mwili, hurundikana ndani ya mitokondria zake, na huko huziba kompleksi ya kwanza.

Kwa hiyo dawa ya kulevya iliyoharibika California na majani ya utupa yanayotiwa katika vidimbwi vya Morogoro humalizia kazi yao mahali pamoja ndani ya seli. Tofauti ni kwamba rotenoidi hufika zikiwa tayari ni sumu na ini huzipunguza nguvu, wakati MPTP hufika ikiwa haina ukali mkubwa na mwili wenyewe huikamilisha. Ukaribu huo haukubaki kuwa jambo la kuvutia tu: mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, wakiongozwa na Timothy Greenamyre, walionyesha kwamba panya waliotiliwa rotenoni katika damu mfululizo walipatwa na dalili na uharibifu wa ubongo unaofanana na wa Parkinson. Panya hao hao wa jamii kubwa wa maabara huihimili MPTP vizuri kuliko nyani na binadamu, jambo lililowafundisha watafiti wawe waangalifu: kuchagua mnyama wa majaribio bila kujua vimeng'enya vyake ni kuweza kutangaza kwamba sumu ni salama.

Mnyama ambaye alikuja kuchukua nafasi kubwa katika majaribio hayo ni samaki-pundamilia, Danio rerio, samaki wa mito na mashamba ya mpunga ya Asia ya Kusini, mwenye urefu wa sentimita tatu hadi nne na milia ya buluu iliyokolea inayokwenda kutoka kichwani hadi mkiani. Francis Hamilton alimweleza kwa mara ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu samaki wa mto Ganges. Kwa muda mrefu alikuwa samaki wa mapambo, hadi George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon alipoonyesha, mwaka 1981, jinsi ya kupata ukoo wa samaki hao wenye urithi mmoja. Mwaka 1996 makundi ya Tübingen na Boston yalitangaza kwa pamoja maelfu ya mabadiliko ya jeni waliyoyapata kwake. Na mwaka 2013 jenomu yake ilipochapishwa, ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau ndugu mmoja katika samaki huyo. Kilichowavuta wanafamakolojia, hata hivyo, kilikuwa kitu rahisi zaidi. Jike mmoja hutaga mayai mengi kwa wakati mmoja, yai linaangua katika siku mbili au tatu, kifaranga ana mwili unaopitisha mwanga kiasi cha moyo na ini kuonekana kwa darubini akiwa hai, na ifikapo siku ya tano ini hilo limekwisha kuanza kazi.

Miongoni mwa dawa za mwanzo zilizobuniwa na binadamu kufuatiliwa kwa makini ndani ya samaki huyu ilikuwa MPTP yenyewe. Kati ya mwaka 2004 na 2005 makundi kadhaa ya watafiti yaliripoti kwamba vifaranga vilivyowekwa katika maji yenye MPTP vilipunguza kuogelea na kupoteza neva za dopamini. Samaki-pundamilia ana monoamini oksidasi moja tu pale ambapo binadamu ana mbili, lakini hiyo moja ilitosha: walipopewa pia dawa inayozuia kimeng'enya hicho, neva zao zilinusurika. Kwa jaribio hilo ilithibitishwa ndani ya mwili mzima, si katika chupa ya seli, kwamba kinachoua ni zao la umetaboli.

Dawa za kulevya za kubuniwa zenyewe zilikuwa zimeingia katika zama nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2008 maabara za Ujerumani na Austria ziligundua kwamba vifurushi vya majani yaliyouzwa kwa jina la Spice, kama ubani au viungo vya kunukia, vilinyunyiziwa kemikali zinazofanya kazi kama bangi lakini kwa nguvu kubwa zaidi, mojawapo ikiwa JWH-018, molekuli iliyotokana na utafiti wa kitaaluma wa John W. Huffman katika Chuo Kikuu cha Clemson. Tangu hapo mamia ya molekuli za namna hiyo yametokea, na kila inapopigwa marufuku moja, nyingine hutoka. Kwa mkemia wa hospitali au wa polisi ugumu hauko katika unga uliokamatwa, bali katika mkojo wa mgonjwa aliyezimia: dawa hizo hugeuzwa na mwili haraka kiasi kwamba zenyewe hazionekani tena, kinachobaki ni mazao ya umetaboli, na asiyejua sura za mazao hayo atasoma majibu ya mashine na kusema hakuna kitu. Wala hakuna kamati ya maadili inayoweza kuruhusu mtu apewe kemikali ambayo madhara yake hayajulikani ili mkojo wake upimwe.

Hapo ndipo kifaranga wa samaki anapoingia. Katika maabara huwekwa kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo vingi, kila kisima kikibeba maji kidogo sana, na joto likishikiliwa karibu nyuzi 28. Dawa huyeyushwa ndani ya maji hayo, ikaingia kupitia ngozi na baadaye kinywa na matamvua. Au, kwa sindano ya kioo iliyochongoka kuliko unywele, hudungwa katika kiini cha yai ambacho kifaranga bado anakibeba tumboni, au ndani ya mwili wake. Baada ya saa kadhaa vifaranga hukusanywa, husagwa, na mchuzi wake hupitishwa katika mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima uzito wa molekuli moja moja, ambapo ongezeko la uzito wa 16 huashiria kwamba oksijeni imeongezwa, na ongezeko la 176 huashiria asidi ya glukuroni. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, walilinganisha vifaranga hao na vimeng'enya vya ini la binadamu na seli za ini zinazokuzwa maabara, na kuona kwamba samaki ana nafasi ya kweli kando ya vyombo hivyo viwili. Mwaka 2020 waliendelea kuonyesha kwamba njia ya kuingizia dawa hubadilisha orodha ya mazao yanayopatikana. Maabara ya Rio de Janeiro inayopima dawa zinazokatazwa michezoni ilichukua njia nyingine ya busara: iliwaacha samaki wakubwa waogelee katika tangi lenye dawa, kisha ikayachunguza maji yenyewe, ambayo hubeba kila wanachokitoa.

Samaki-pundamilia si binadamu mdogo, na wanaomtumia vizuri hulisema hilo wazi. Ana jeni 94 za sitokromu P450 ambapo binadamu ana 57, na ingawa zile za koo zinazoshughulika na dawa zina ndugu upande wa pili, undugu huo si usawa. Mwili wake huishi katika nyuzi 28 badala ya 37. Kifaranga aliyezungukwa na dawa pande zote huipokea kwa njia isiyolingana na ya mvutaji wa sigara au mtu aliyejidunga, na ule uzoefu wa utupa, ambapo njia ya matamvua iliamua nani afe, ni onyo linalofaa kukumbukwa kila inaposomwa taarifa kwamba samaki fulani wamekufa au wamepona.

Nchini Tanzania, elimu ya umetaboli wa dawa imekua zaidi kupitia binadamu kuliko samaki, na sababu ni magonjwa yaliyokuwa mbele ya madaktari. Watafiti wa Muhimbili, kwa kushirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Sweden, walichunguza kwa nini wagonjwa waliotumia efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, walikuwa na viwango tofauti sana vya dawa hiyo katika damu, na wakaiona sababu kubwa katika jeni iitwayo CYP2B6, inayotengeneza kimojawapo cha vimeng'enya vya P450. Aina ya jeni hiyo inayofanya kazi polepole ni ya kawaida miongoni mwa Watanzania, ikifikia zaidi ya theluthi moja ya nakala zote zilizopimwa. Kimeng'enya hicho hicho huivunja methadoni, dawa ambayo Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waathirika wa heroini mwezi Februari 2011, ikiwa ya kwanza kwa huduma ya namna hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huuchochea mwili uvunje methadoni haraka, na mgonjwa anayetumia zote mbili anaweza kuanza kutetemeka na kuugua arosto ingawa hajakosa dozi hata siku moja. Samaki wa ukoo mmoja hawezi kuyaonyesha mambo hayo. Tofauti kati ya mtu na mtu lazima itafutwe kwa watu.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliipa nchi mamlaka mpya ya udhibiti, na vielelezo vinavyokamatwa, iwe bandarini au katika barabara kuu ya Tanzania kwenda Zambia inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa molekuli mpya, maabara ya namna hiyo hutegemea maktaba za takwimu zilizotengenezwa nchi nyingine, ambazo huonyesha sura ya dawa na mazao yake. Kwa hiyo kazi inayofanyika katika sahani za vifaranga Ulaya ina matokeo hata kwa mgonjwa anayefikishwa hospitalini Mikumi.

Kilosa ina samaki wake yenyewe. Mwaka 1977 Mholanzi Ruud Wildekamp alieleza spishi mpya kutoka Kimamba, mashariki mwa mji wa Kilosa, na kuiita Nothobranchius steinforti kwa heshima ya Theo Steinfort. Ni samaki wa urefu wa kidole. Dume ana rangi za buluu na nyekundu zinazong'aa, jike ni wa kijivu chenye ukahawia usiovutia macho. Jamaa yote ya Nothobranchius huishi maisha ambayo ni adimu miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Masika yanapojaza mabwawa madogo katika udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, mayai yaliyofukiwa msimu uliopita huangua. Vifaranga hukua kwa kasi kubwa, hupevuka katika wiki chache, hutaga kila siku ndani ya tope, na dimbwi linapokauka wote hufa. Mayai hubaki ardhini, ukuaji wake ukiwa umesimama, yakisubiri mvua.

Ufupi wa maisha hayo uliwavutia wachunguzi wa uzee mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Markofsky na Perlmutter, waliokuwa New York, walipima ukuaji na kuzeeka kwa Nothobranchius guentheri wa Unguja. Umaarufu mkubwa, hata hivyo, ulimwendea ndugu yake wa Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, aliyekusanywa Gonarezhou mwaka 1968 na kuelezwa mwaka 1971. Mwaka 2003 Valdesalici na Cellerino walionyesha kwamba ukoo wake wa maabara huishi wiki chache tu, na mwaka 2006 Valenzano, Genade na Cellerino waliripoti kwamba resveratroli, kemikali inayopatikana katika zabibu, ilirefusha maisha yake, kwa dozi ya juu ikiongeza maisha ya wastani kwa zaidi ya nusu. Kwa jaribio hilo samaki wa madimbwi ya Afrika aliingia rasmi katika orodha ya wanyama wa kupimia dawa, na mwaka 2015 jenomu yake ilichapishwa na makundi mawili kwa mara moja.

Faida anayoiongeza samaki wa aina hii ni uzee. Kifaranga wa samaki-pundamilia wa siku tano hana historia. Ini lake ni jipya. Lakini dawa nyingi, halali na haramu, hutumiwa na watu ambao maini yao yamechoka kwa miaka, kwa pombe, kwa homa ya ini au kwa umri tu, na mnyama anayefikia uzee ndani ya miezi michache huwezesha swali hilo kuulizwa na kujibiwa kabla ya ufadhili wa utafiti kwisha. Hapo Nothobranchius wa bonde la Wami wana thamani ya pekee, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, chenye wataalamu wa mifugo na wa ufugaji wa samaki, kiko katika mkoa huo huo. Matangi ya kioo, hita, chujio la maji na peti, yaani mboji, ya kuhifadhia mayai si vifaa vya gharama ya kutisha. Mashine ya kupima uzito wa molekuli ni ya gharama, lakini sampuli zinaweza kupelekwa kwenye mashine ilipo.

Kinachotishia kazi hiyo ni dimbwi lenyewe. Spishi yenye eneo dogo kama la Kimamba hukaa katika ardhi ile ile inayotakiwa kwa mpunga, ambako trekta hugeuza tope lenye mayai na viuatilifu hutiririkia majini, na mafuriko ya Mkondoa, kama yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoharibu reli na makazi ya Kilosa, hubadilisha mahali maji yanapotuama. Mipaka ya Hifadhi ya Mikumi inalinda sehemu ya tambarare ya Mkata, lakini Kimamba iko nje yake.

Wakati huo huo, wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya wamekuwa wakitunza koo za Nothobranchius kwa miongo mingi, kila ukoo ukibeba jina la kijiji ulikotoka, na mayai yake yakisafiri kwa posta ndani ya peti yenye unyevunyevu. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, ulioanza kufanya kazi tarehe 29 Desemba 1993, na Itifaki ya Nagoya iliyoanza tarehe 12 Oktoba 2014, zinazipa nchi haki ya kukubali au kukataa matumizi ya rasilimali zake za kijenetiki na kupata mgawo wa faida, na mtafiti wa leo anayetaka kuchukua samaki Tanzania anapaswa kuomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Koo zilizotoka nchini katika miaka ya 1970 zilitangulia masharti hayo, hivyo dawa itakayopimwa kwa samaki wa ukoo huo wa zamani haitaidai maabara chochote kwa ajili ya Kilosa. Samaki watakaokusanywa Kimamba sasa, kwa kibali na kwa jina la taasisi ya Tanzania, watakuwa na hati inayodai.